Mpaka Rangi wa Barabara ya Koboko

Ramathan Wani alikuwa mpaka rangi wa serikali, lakini hakuna nyumba hata moja aliyowahi kuipaka. Kazi yake ilikuwa mawe. Kutoka Arua hadi Koboko, kila baada ya maili moja, palikuwa na jiwe lililosimikwa kando ya barabara. Kila jiwe lilitakiwa liwe jeupe, na namba yake nyeusi isomeke hata na dereva apitaye mbio. Zaidi ya mawe kulikuwa na vyuma vya madaraja. Hivyo vilipakwa kwanza rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha nyeupe juu yake. Alipofika Koboko, mawe ya Arua yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu tena kwa vumbi, naye alirudi kuanza upya. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na miwili.

Mwaka 1971 alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na magoti ya mtu wa sabini. Mzaliwa wa Koboko, Mkakwa kwa kabila, alihamia Arua alipomwoa Zulaika, binti wa Kinubi ambaye babu yake alikuja na askari kutoka Sudani. Waliishi katika nyumba ya udongo chini ya soko. Jioni Wani aliporudi, Zulaika alimwekea maji ya moto ya kukanda miguu kabla ya chakula. Bila maji hayo hakuweza kukunja magoti akakaa mkekani. Binti yao, Madinah, alizoea kuona baba yake akisinzia tonge likiwa mkononi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Wani alikuwa akishuka na ndoo yake kuelekea Dadamu. Alisikia harufu ya rangi mbichi, mafuta ya kitani na tapentaini. Aliitazama ndoo yake, akaona kifuniko hakijalegea. Harufu ilitoka mbele. Kando ya barabara, kwenye jua kabisa, mzee mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa ameketi juu ya debe. Mbele yake kulikuwa na kitambaa kilichopigiliwa kwenye fremu, nayo fremu imesimama juu ya miguu mitatu ya mbao. Mkononi alishika brashi nyembamba ambayo Wani asingeweza kupakia hata herufi moja.

"Ndugu," mzee alimwita bila kugeuka. "Ile mulima iko rangi gani?"

Wani alidhani anataniwa. "Mlima gani?"

"Wati. Si iko mbele yetu?"

"Iko bluu."

"Bluu ya namna gani?"

"Bluu tu, mzee."

"Bluu tu haiko. Iko bluu ya nguo ya polisi, iko bluu ya chupa ya dawa. Angalia muzuri, halafu uniambie."

Wani alitua ndoo ili amjibu upesi aende zake. Akautazama mlima. Alikuwa ameupita mara nyingi kuliko alivyopita mlango wa mama yake, lakini sasa jibu hakuwa nalo. Alitazama mpaka macho yakamtoka machozi kwa jua.

"Nafanana moshi," alisema mwishowe. "Moshi ya kuni mbichi. Lakini chini, pale karibu na miti, iko kama maji ya kuosha mchele."

Mzee akachanganya rangi juu ya kibao, akachovya brashi, akaionyesha. "Hii?"

"Hapana. Iko nyeupe sana."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo."

Wani alibaki pale karibu saa nzima, na jiwe la maili likabaki jekundu.

Mzee aliitwa Basile. Alitoka upande wa Bunia, Kongo, akavuka mpaka mwaka 1964 wakati wa vita, pamoja na binti yake Léontine. Kule kwao alikuwa amefundishwa na padre mmoja wa Kibelgiji kuchora nje, milima na mito, kwa rangi ya mafuta. Hapa Arua walipanga chumba kule Mvara. Picha zake zilinunuliwa na walimu na wageni wa misheni. Léontine aliuza dagaa na mawese sokoni, na ukweli ni kwamba dagaa ndio waliowalisha. Kwa miaka miwili sasa macho ya mzee yalikuwa yakiingia ukungu. Kibao cha rangi alikiona kidogo akikisogeza puani. Mlima alijua tu kwamba upo.

"Njoo Jumapili, kisha misa ya kwanza kuisha," alimwambia Wani. "Wewe utaniangalilia. Mimi nitakufundisha."

"Papa Basile, mimi Jumapili nalala."

Na kweli Jumapili ile alilala. Lakini mlango ulikuwa wazi, na alipofumbua macho aliona ukuta wa jirani ukipigwa na jua, akaanza kujiuliza ule ukuta una rangi gani. Akageukia upande wa pili. Huko kulikuwa na mtungi. Akainuka akavaa viatu.

"Baba Madinah, wapi tena?" Zulaika aliuliza.

"Kwa mzee moja ya Kongo. Nafundisha mimi kuchora."

Zulaika aliacha kupepeta mchele. "Siku sita wewe nakaa na rangi. Siku ya saba, rangi tena?"

Wani alichukua kofia yake. Akaenda.

Kwanza kabisa alitakiwa kuusahau mkono wake. Mkono wa Wani ulijua kufunika: piga, rudia, mpaka jiwe lisionekane. Papa Basile, ingawa hakuona, alikuwa akisikia.

"Brashi yako inalia kama mutu anafagia kiwanja," alisema. "Hii si jiwe."

Alimfundisha kufumba macho nusu, miti ipoteze majani na kubaki mafungu ya kivuli na mwanga. Alimfundisha kuweka kwanza rangi nyembamba iliyopunguzwa kwa tapentaini, na yenye mafuta mengi baadaye, kwa kuwa ukigeuza mpango huo picha itapasuka. Walianza saa tatu asubuhi na kuacha saa tano, hata kama nusu ya kitambaa ilikuwa bado tupu, kwa sababu baada ya saa tano vivuli vilikuwa vimehama. Jumapili iliyofuata walirudi palepale, saa ileile. Kama palikuwa na mawingu, waliketi, wakangoja, wakaondoka bila kugusa kitu. Picha moja ilichukua miezi miwili. Wani, aliyezoea mawe manne kwa siku, aliona uchovu wa namna mpya, uchovu wa kukaa.

Mzee hakuwa mpole. Picha ya kwanza ya Wani aliipapasa kwa kidole gumba, akaguna. "Mulima umeweka mbele ya muti. Umepaka nene. Kitu ya mbali haina unene." Akairarua kutoka kwenye fremu, akampa akafute kwayo brashi. Picha ya pili hali kadhalika. Ya tatu Léontine aliitazama alipomletea baba yake chai, akasema inafanana na gunia la mahindi lililoanguka. Wani alikasirika, lakini alipofumba macho nusu alikuta ni kweli, lilikuwa gunia la mahindi.

Kidogo kidogo wawili hao wakajitengenezea lugha. Majina ya rangi waliyoyakuta hayakuwatosha. Barabara asubuhi na mapema ilikuwa "ulimi wa mbuzi". Kivuli cha mwembe saa tano kilikuwa "mchuzi wa jana". Nyasi za kiangazi, "ngozi ya simba mzee", ingawa Wani hakuwahi kuona simba. Alikuwa akisema, na mzee akichanganya kwa kukumbuka: nyeupe kiasi cha kunde, nyekundu kiasi cha punje ya ulezi. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, alimlaumu Wani kwa kusema vibaya.

Mwishoni mwa mwaka 1972 Wahindi waliondolewa nchini. Duka la vifaa lililouza rangi na mafuta ya kitani lilifungwa, kisha likapewa mtu mwingine. Huyo aliuza makopo yaliyobaki katika wiki mbili, akaanza kungoja mgao wa chumvi kama wenye maduka wengine. Mrija wa mwisho wa rangi ya bluu Papa Basile aliupasua kwa wembe, akaukwangua kwa kijiti hadi ukabaki bati tupu.

Wani alisema watatengeneza wao wenyewe. Alichimba udongo mwekundu na wa manjano kwenye kingo za barabara, akausaga kwa jiwe la Zulaika, akauchanganya na mafuta ya simsim. Rangi ilikuwa nzuri sana. Alichora bonde lote la mto Enyau kwa rangi hiyo, na Papa Basile kwa mara ya kwanza alimtaka arudie kuieleza. Lakini picha haikukauka. Wiki nne zikapita, wiki nane, ukiigusa inanata. Vumbi likaingia, wakaja nzi. Bonde la Enyau likaota miguu na mabawa. Zulaika hatimaye aliitoa nje, akaiegemeza kwenye choo.

"Mafuta ya kula ni ya kula," alisema. Kisha, alipomwona mumewe ameketi na mikono imelala mapajani, akaongeza, "Kitambaa mimi nashona ingine. Iko gunia ya unga mbili."

Kuanzia siku ile Zulaika ndiye aliyemshonea vitambaa: magunia ya unga, vipande vya turubai kuukuu la lori, vyote vimeunganishwa kwa mshono bapa usioonekana. Hakusema tena neno kuhusu Jumapili. Ila maji ya moto aliyaweka kama kawaida, na wakati mwingine alimkanda mwenyewe, kwani Wani alikuwa amekwisha lala.

Rangi aliipata kwa Abiriga, mtunza stoo wa idara ya barabara. Hakumwomba kopo. Alimwomba makopo matupu, na Abiriga akamwambia achukue yote, yanamjazia stoo. Ndani, pembeni na chini, mlikuwa na utando mzito uliobaki. Wani aliukwangua kila jioni, akauchanganya na udongo wake uliosagwa. Lakini rangi za barabara ni nne tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu ya kutu, na manjano kidogo. Bluu haikuwamo.

"Bila bluu mlima haiko," alimwambia mzee.

"Changanya nyeusi na nyeupe," Papa Basile alijibu.

"Hiyo ni jivu."

"Weka tu. Halafu karibu yake weka udongo yako ya manjano na nyekundu. Usiogope."

Wani akaweka jivu lake pale mlima ulipopaswa kuwa. Likakaa kama jivu. Akapaka mbele yake shamba la mtama lililovunwa, manjano na nyekundu, akisogea taratibu kuelekea mlimani. Rangi hizo zilipogusana akasimamisha mkono. Mlima ulikuwa umegeuka kuwa wa bluu. Aliangalia kibao: palepale palikuwa na jivu. Aliangalia picha: bluu, moshi wa kuni mbichi.

"Papa," alisema, "imekuja."

"Najua," mzee alisema. "Umeacha kupumua."

Hiyo ndiyo picha ya kwanza ambayo haikuraruliwa. Mwalimu mmoja wa Mvara aliinunua, na Wani akamnunulia Zulaika kitenge. Miaka mitatu baadaye kitenge hicho kilikuwa bado kikivaliwa, na bado hakikuwa kimepatikana kingine.

Miaka ilizidi kuwa mizito. Sabuni ilikatwa vipande ikauzwa kipande kipande. Mshahara ulipofika ulikuwa hautoshi kitu, na mara nyingine haukufika. Barabara iliharibika, wala hakuna aliyeijali, lakini mawe yaliendelea kupakwa kwa sababu hakuna aliyetoa amri yaachwe. Mwaka 1975 macho ya Papa Basile yalizimika kabisa. Bado alikuja, akishikwa mkono na Léontine, akaketi juu ya debe lake, akageuza uso upande wa joto la jua. Wani alichora na kusema. Mzee aliuliza na kugombeza. Watu wa Dadamu waliokuwa wakienda kanisani waliwazoea, wakawapita bila kuwatazama.

Mapema mwaka 1977 Wani alitumwa Koboko kwa wiki sita, kupaka madaraja ya upande ule. Alifurahi, kwa kadiri alivyoweza kufurahi siku hizo. Alibeba kitambaa kimoja na makopo yake madogo, kwani kule Koboko kuna mlima Liru, ambao aliuona kila siku utotoni na hakuwahi kuuchora. Jumapili ya pili alisimamisha miguu yake mitatu ya mbao kwenye mwinuko nje ya mji, akaanza. Saa nne hivi alisikia buti.

Walikuwa askari watatu, na mkubwa wao koplo aliyeitwa Jale.

"Wewe nani?"

"Mimi Wani, afande. Mtu ya barabara."

"Barabara iko kule chini. Hapa nafanya nini?"

"Nachora mlima."

Koplo aliizunguka picha. "Hii njia nakwenda wapi? Hii mstari?"

"Kivuli, afande."

"Nyuma ya huu mlima iko Sudani. Upande huu iko Kongo. Wewe nachora ramani ya nani?"

"Si ramani. Ni mlima tu."

"Nani nataka mlima?" Koplo Jale aliuliza, na ilionekana anauliza kwa dhati. Alingoja jibu. Wani alifikiri, na uchovu wa miaka yote ukamjia kwa pamoja. Hakuwa na mtu wa kumtaja.

Walimweka katika stoo ya bati kambini. Siku ya kwanza alipigwa, si sana kama alivyoogopa. Siku ya pili hakuna aliyekumbuka kuwa yupo. Siku ya tatu mlango ukafunguliwa, na Koplo Jale akamuuliza kama kweli anajua kupaka mawe. Mkubwa fulani alikuwa anatarajiwa kambini, na njia ya kuingilia ilitakiwa iwe na mawe meupe pande zote mbili.

Wani alipaka mawe siku kumi na moja, kwa chokaa, akiwa amepiga magoti. Usiku alilala stoo. Mkubwa hakuja. Siku ya kumi na mbili wakamwambia aende. Aliulizia picha yake. Askari mmoja akamwonyesha: ilikuwa imetandikwa juu ya kreti mlangoni pa walinzi, wanachezea karata juu yake. Makopo yake hayakuwepo tena. Akasema ahsante, akatafuta lori la kurudi Arua.

Zulaika alipomwona mlangoni alibandika maji motoni. Alimkalisha, akamwosha magoti yaliyochubuka na kuchomwa na chokaa. "Baba Madinah," alisema alipomaliza, "mimi nilisema wewe nakufa." Ndipo akalia.

Baada ya wiki Wani alikwenda Mvara kumweleza Papa Basile. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo stoo, ile bati ya juu, ilikuwa rangi gani?"

Wani alisimama. "Papa Basile, mimi nilipigwa."

"Nimesikia."

"Nilipaka mawe kwa magoti siku kumi na moja. Na wewe naniuliza rangi ya bati?"

"Ninauliza kama ulikuwa unaona," mzee alisema. "Mimi nabakia na hiyo tu."

"Mimi nachoka," Wani alisema. "Nachoka na rangi, nachoka na mlima, nachoka na wewe." Akatoka. Léontine alimfuata hadi barabarani akimwita, lakini hakugeuka.

Karibu mwaka mzima hakuchora. Jumapili alilala kama alivyokuwa amekusudia tangu mwanzo. Usingizi haukumpunguzia uchovu. Alipita Dadamu na ndoo yake akitazama chini, na kama macho yaliinuka yenyewe na kuona mlima, aliyashusha.

Mwanzoni mwa mwaka 1978 Léontine alikuja nyumbani kwake, akakaa na Zulaika wakanywa chai, kisha akamwambia Wani kwamba wanarudi Kongo. Walikuwa wamepata ndugu pale Aru, ng'ambo tu ya mpaka. Baba yake alikuwa anakohoa damu, alitaka kuzikwa upande wa kwao.

"Hajakuomba kitu," Léontine alisema. "Mimi ndio ninaomba. Umupeleke nje mara moja."

Walikwenda watatu, kwa baiskeli ya jirani, mzee amekalishwa nyuma na Wani akiisukuma hadi njia ya Adumi, ambako ardhi inashuka na kuinuka kuelekea Kongo, mashamba ya muhogo na tumbaku, kilima nyuma ya kilima. Hakuna aliyetaja ugomvi. Wani aliweka fremu, akafumba macho nusu.

"Anza," alisema Papa Basile.

"Mbele kabisa, muhogo. Majani yake iko kijani ya zamani, kama nguo ya shule imefuliwa sana. Katikati moshi ya mtu nachoma shamba. Nyuma vilima vitatu. Ya kwanza ngozi ya simba mzee. Ya pili..." Akashusha brashi.

"Ya pili?"

"Sijui, Papa. Naona lakini jina hakuna."

"Basi usiseme. Weka."

Wani akaweka. Walirudi mahali pale Jumapili tano. Ya sita mzee hakuweza tena kukaa juu ya baiskeli, na Wani akamaliza peke yake. Siku ya kuondoka kwao alimpa Léontine picha ile ikiwa haijakauka vizuri, imefungwa juu ya vijiti ili isiguse kitu. Papa Basile alimshika mkono, akaupapasa kiganja kama alivyokuwa akipapasa picha, akasema tu, "Mafuta umeweka mengi." Hakusema ni mkono au ni picha.

Baada ya hapo Wani alichora tena, bila haraka na bila shangwe, kama mtu anayekunywa maji. Hadi mwaka 1979 alikuwa na picha tisa zimesimama ukutani nyuma ya kitanda. Wanunuzi hawakuwepo tena.

Mwezi wa tano mwaka huo habari za vita ziliacha kuwa habari za redioni. Askari walioshindwa walipita Arua wakielekea kaskazini, ndani ya magari yasiyo yao. Kisha watu wakasema majeshi yanayokuja yanalipiza kisasi kwa kila mtu wa West Nile, mkoa ule wa Arua na Koboko, na zaidi kwa Wakakwa na Wanubi, watu wa rais aliyeangushwa. Kuhusu kweli na uvumi, hakuna aliyekaa kupambanua. Mapema mwezi wa sita Zulaika alifunga unga, sufuria mbili, blanketi na Kurani ya baba yake. Wani alisimama mbele ya picha zake.

"Toa kwa mbao," Zulaika alisema. "Kunja. Mimi nabeba."

"Mizigo ni mingi, mama Madinah."

"Nimesema nabeba."

Walitembea siku mbili kupitia Adumi, katika mvua, pamoja na mamia ya watu, mbuzi, vitanda vichwani. Magoti ya Wani yalivimba akawa anashikiliwa na Madinah, ambaye naye alikuwa mjamzito. Walipita kando ya shamba lile la muhogo. Wani hakulitambua mpaka walipokuwa wameshalivuka, na hakurudi nyuma kutazama, kwani waliokuwa nyuma yake walikuwa wakisukuma.

Ng'ambo ya mpaka walioneshwa uwanja wa nyasi na kuambiwa wajenge. Hakukuwa na kitu cha kujengea. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri, na Madinah alikuwa na homa. Zulaika alikata miti minne, akakunjua picha tisa, akazipanga chini kama mtu apangaye vitenge sokoni. Akamtazama mumewe.

"Hii navuja maji?"

"Haivuji," Wani alisema. "Iko mafuta mara tano."

"Basi."

Alizishona kwa sindano ya magunia, rangi ikitazama nje. Wani alimshikia kamba. Mchana ule mvua ilipiga juu ya Wati na juu ya Enyau, ikateremka pembeni, na Madinah akalala pakavu. Watoto wa wakimbizi wengine walikuja kusimama nje na kuonyesheana kwa vidole: hapa ni kwetu Dadamu, hapa ni kanisa, hapa ni barabara. Mama mmoja aliigusa barabara kwa kiganja, kisha akaondoka. Ndani, Wani aliona upande wa nyuma tu: magunia, maandishi ya viwanda vya unga, na mishono ya mkewe.

Miezi miwili baadaye, magoti yalipopoa, alikwenda kwa miguu hadi Aru kumtafuta Papa Basile. Alimpata Léontine sokoni, na kwa kumtazama tu usoni alijua. Mzee alikuwa amefariki mwezi wa pili, usingizini.

Léontine alimpeleka nyumbani. Picha ya njia ya Adumi ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya kiti cha marehemu. Léontine akasema kila mgeni aliyeingia baba yake alimwamuru asimame hapo, aeleze kilima cha pili kina rangi gani. Hakuna aliyeweza. Mzee alikuwa anawafukuza huku anacheka.

Wani aliketi kwenye kiti cha upande wa pili, akatazama. Kwa miaka minane alikuwa amejifunza kuona makosa, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kuyatafuta. Yalikuwapo. Moshi ulikuwa mzito mno. Mihogo ya kushoto ilikuwa imefagiwa kwa brashi. Lakini kile kilima cha pili kilikuwa kimekaa mahali pake, mbali, hakina unene, chenye rangi ile ambayo hata leo hakuwa na jina lake. Akakitazama muda mrefu. Alisikia Léontine akiuliza kama atakula sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaitikia. Aliporudi na sahani alimkuta amelala kitini, mdomo wazi, mikono imeanguka pembeni.

Hakumwamsha. Alifunika chakula, akaegesha mlango ili jua lisimpige usoni, akarudi sokoni. Wani aliamka jua likiwa linaelekea magharibi. Akala chakula kilichopoa, akaosha sahani, akaanza safari ya kurudi uwanjani. Kesho yake alikuwa ameahidi kumlimia mtu muhogo, siku nzima, kwa ujira wa kikapu kimoja cha mihogo.